"Usifunge!" Jinsi tulivyochanganya basketi na drafti mpaka ikawa gemu moja

Goti la swahiba wangu liliisha kwenye ribaundi ya kawaida kabisa, yaani ule mpira uliokosa ringi mnaouwania. Hakugongwa na mtu wala hakuteleza, aliruka, akadaka mpira, akatua, tukasikia kitu kama kijiti kimevunjika, kuangalia yuko chini kashika mguu kwa mikono miwili. Kano ya ndani ya goti. Akafanyiwa operesheni, akakaa na magongo, akarudi kutembea vizuri tu, ila daktari akamwambia kuruka na kugeuka ghafla ndo basi tena, na basketi ukiitolea kuruka na kugeuka ghafla sijui inabaki nini.

Nimecheza naye tangu tuko wadogo, mpira ulikuwa mkubwa kuliko vichwa vyetu. Yeye ndo alikuwa anajua nitakimbilia wapi kabla mimi mwenyewe sijajua, naona tu pasi imefika. Kwa hiyo alipotoka sikupoteza mchezaji, nilipoteza kama nusu ya mchezo wangu, na kwa muda mrefu nilikuwa naenda kiwanjani kwa mazoea tu.

Alichofanya yeye ni kuhamia pembeni. Pale kwenye kiwanja chetu kuna benchi ambalo watu wa drafti wanakaa kuanzia mchana mpaka giza linaingia, na kusema kweli miaka yote hiyo sisi wa mpira na wao wa kete tulikuwa tumepeana migongo, sisi kelele zetu, wao kelele zao. Akaanza kwa kuangalia. Baadaye akaanza kucheza. Baada ya mwaka alikuwa anawafunga watu wazima waliokuwa wanacheza tangu hajazaliwa, na mimi namuona kwa jicho la pembeni kila nikirudi kulinda, ameinamia ule ubao, kumi na mbili zake kumi na mbili za mwenzake, na nilikuwa najisikia vibaya kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Tuko kiwanja kimoja, jioni moja, lakini hatuchezi pamoja.

Wazo lilianzia hapo. Halikuanza kama wazo la kubuni mchezo, lilianza kama swali la kijinga kidogo, kwamba hivi haiwezekani mpira wangu na kete zake zikawa gemu moja?

Nikaanza kusoma michezo mingine ilivyozaliwa, na kitu cha kwanza kilichonipa moyo ni kwamba volibo, ambayo leo unaiona kama mchezo uliokuwepo tangu enzi na enzi, ilitokana na tatizo karibu sawa na la kwetu. William Morgan alikuwa anafundisha mazoezi YMCA, kile chama cha vijana wa Kikristo, ya Holyoke, Massachusetts, mwaka 1895, miaka minne tu baada ya basketi kubuniwa mji wa jirani, Springfield. Basketi ilikuwa inakimbiza sana na kugongana sana kwa watu wa makamo waliokuwa kwenye darasa lake, wafanyabiashara waliotoka kazini wamechoka. Akachukua wavu wa tenisi akaupandisha mpaka futi 6 na inchi 6, kama mita 2 hivi, akachukua blada ya ndani ya mpira wa basketi akaona ni laini mno na inaenda polepole mno, akajaribu mpira wenyewe akaona ni mzito mno, mwisho akaomba atengenezewe mpira wake. Kutoka besiboli akachukua zile iningi, yaani zamu za kucheza. Akauita Mintonette. Mwaka uliofuata ndo mtu mmoja aliyeutazama akasema lakini hawa si wanaupiga mpira ukiwa hewani tu, mbona msiuite volibo.

Sasa angalia alichofanya. Watu wengi wakisikia kuchanganya michezo wanafikiria kujumlisha, chukua hiki weka na hiki. Morgan alikuwa anatoa. Katoa kugusana, katoa kukimbizana uwanja mzima, katoa mpira kudunda. Wavu unasimama katikati kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu mzima anayeangukiwa na mwenzake. Hiyo nilikuja kuielewa baadaye sana, kwa sababu sisi tulianza kwa kujumlisha, na tukaumia.

Jaribio letu la kwanza niliiga ndondi za chesi. Kama hujawahi kuzisikia, ni mchezo wa kweli kabisa, wazo lilitoka kwenye kitabu cha katuni, halafu msanii mmoja Mholanzi, Iepe Rubingh, akaupeleka ulingoni mwaka 2003. Wapinzani wanacheza raundi ya chesi, wanavaa glovu wanapigana raundi ya ngumi, wanarudi kwenye chesi, hivyo hivyo, na unashinda kwa kumwangusha mtu au kwa kumfunga mfalme wake. Nikasema safi, na sisi tutafanya dakika nne za mpira, dakika tatu za drafti, kwa kupokezana, kila timu ina wakimbiaji watatu na mtu mmoja wa ubao.

Ilikuwa mbaya. Mpira ukichezwa watu wa ubao wanapiga miayo, kete zikichezwa sisi tumesimama jasho linakauka. Mwisho wa siku timu yetu ilishinda mpira ikapoteza drafti na hakuna aliyejua nani kashinda, tukaanza kubishana kama kikapu kimoja ni sawa na kete ngapi, na kila jibu lilikuwa la kubahatisha.

Nikarudi nyumbani nikawaza kwa nini wao kinawafaa sisi kinatushinda. Nadhani ni kwa sababu kule mwili ni mmoja. Ngumi uliyopigwa kichwani dakika mbili zilizopita unaenda nayo kwenye chesi, moyo unadunda, mikono inatetemeka, na unatakiwa ufikirie. Kitu kinavuka kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine. Kwetu hakuna kilichovuka. Mimi nilichoka, yeye akafikiria, tukagawana matokeo. Ile haikuwa gemu, zilikuwa gemu mbili kwenye ratiba moja.

Kwa hiyo ikabidi tutafute kitu cha kuvusha. Jibu likawa rahisi mpaka nikashangaa tumelizunguka wiki mbili: kikapu kisiwe pointi. Kikapu kiwe ruhusa ya kusogeza kete. Ukifunga, mtu wako wa ubao anasogeza mara moja. Usipofunga, hasogezi. Hakuna matokeo ya mpira kabisa, hakuna 10 kwa 8, mshindi anapatikana kwenye ubao tu, mpinzani akiishiwa kete au akitakiwa kusogeza akawa hana pa kwenda.

Kuondoa pointi ndo kulileta ugomvi kuliko kitu chochote. Vijana wa mpira walikataa kata kata. Mmoja akaniambia sasa mimi nikifunga ishirini nitajulikanaje nimefunga ishirini? Nilimwelewa, hata mimi nilikuwa nahesabu vikapu vyangu kichwani. Lakini pointi zikibaki tu, hata kwa siri, mtu anacheza basketi na drafti inakuwa pambo. Nikashikilia hapo hapo, na mpaka leo naona ndo uamuzi wa maana kuliko yote.

Tukaweka ringi moja, nusu kiwanja, watatu kwa watatu, kama ile basketi ya watatu iliyoingia Olimpiki ya Tokyo. Ukifunga mpira unaenda kwa wapinzani, wanautoa nje ya ile nusu duara ya mbali halafu wanaanza. Ubao tukauweka mezani nyuma ya mstari wa mwisho, watu wawili wa kete wanaangaliana, na wanaona mpira.

Jioni ya kwanza gemu ilidumu dakika sita. Sisi tulifunga vitatu mfululizo, swahiba akasogeza mara tatu bila kujibiwa, na mtu yeyote anayejua drafti anajua ukiachiwa usogeze mara tatu mfululizo hiyo ni kuchinja. Alikula kete tano. Mwenzake kakunja mikono anaangalia tu. Gemu ya pili hivyo hivyo ila safari hii tumechinjwa sisi.

Hapo nilitaka kuweka sheria kubwa, sijui kupokezana kwa lazima, sijui kikapu cha pili kisihesabike. Mzee mmoja wa benchi la drafti, mtu ambaye siku zote alikuwa anatuambia tupunguze kelele, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Kijana, tatizo si kusogeza, tatizo ni kula. Mzuie kula mara mbili." Basi. Tangu siku hiyo sheria ni kwamba ukishakula huruhusiwi kula tena mpaka mwenzako asogeze angalau mara moja. Unaweza kusogeza, kujipanga, kukimbilia kingi (kete iliyofika mwisho wa ubao), lakini meno yamefungwa. Sentensi moja ya mtu aliyekaa miaka kwenye ubao ikatibu kitu ambacho mimi ningekiwekea kurasa.

Halafu kikatokea kile ambacho sikukipanga, na nikikumbuka hata sasa navyoandika nasisimka.

Kwenye drafti kula ni lazima. Kete ikiwekwa mbele yako na nyuma yake wazi, unakula, utake usitake, ndo maana mafundi wanatega: wanakutolea kete moja ya bure, unaila kwa kulazimishwa, halafu wao wanaruka mbili au tatu zako na kuibukia kwenye kingi. Sasa siku hiyo mimi nimeshawapita walinzi, niko peke yangu chini ya ringi, kazi ni kuweka tu, nikasikia sauti ya swahiba kutoka mezani kwa nguvu zake zote, "Usifunge! Usifunge!"

Nikaganda. Miguu ilishaanza kuruka na mikono imekataa, nikatua na mpira. Wenzangu wananifokea. Nikageuka kumwangalia, ananionyesha ubao kwa kidole, na hata mimi nisiye fundi nikaona: mpinzani wake katega. Nikifunga, swahiba anasogeza, na akisogeza lazima ale, na akila tumekwisha. Kikapu kile kilikuwa sumu.

Na walinzi walikuwa wanajua. Ndo maana nilipita kirahisi vile, yaani waliniachia njia.

Sidhani kama niliwahi kuona kitu kama kile kwenye kiwanja cha basketi. Walinzi wanakufungulia mlango ufunge na wewe unakimbia ringi. Dakika moja baadaye hali ikageuka, ubao umekaa sawa, kila mtu analinda kama kawaida. Ile jioni tulicheza mpaka hatuoni mpira. Swahiba alikuwa anapiga kelele mpaka sauti ikakauka, "Funga sasa! Sasa!", "Ngoja, ngoja, zungusha!", na mimi nazungusha mpira nasubiri sauti yake, na kwa mara ya kwanza tangu goti lile nilisikia tena kile kitu cha zamani, mtu anayejua natakiwa kwenda wapi kabla yangu.

Tatizo likaja kesho yake, maana watu wana akili. Kama kufunga ni sumu basi sifungi, na kama na wewe mtego wako hauivi na wewe hufungi, tukawa tunazungusha mpira dakika nzima, dakika mbili, hakuna anayerusha. Watazamaji wakaondoka.

Hili gonjwa basketi yenyewe ililiugua. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, gemu nzima ya NBA hiyo, ligi kubwa ya Marekani, kwa sababu Pistons walikuwa wanakaa na mpira tu ili Lakers wasiupate. Dawa ilikuja mwaka 1954 kutoka kwa Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse. Hesabu yake naipenda sana kwa urahisi wake. Alichukua gemu zilizokuwa tamu akaona timu zote mbili kwa pamoja zinarusha kama mara 120, gemu ni dakika 48 ambazo ni sekunde 2,880, gawanya kwa 120 unapata 24. Ndo hizo sekunde 24 mpaka leo. Alianza na gemu lililomfurahisha akarudi nyuma kuuliza limekaaje, wala hakuwaza namba ya kuwaadhibu watu.

Nikafanya hivyo hivyo. Jioni tatu nikakaa nje na simu, nahesabu tu gemu zile zilizowafanya watu wasimame kwenye benchi, ikaja kama 30 na kitu. Tukaweka 30, watazamaji wanahesabu kumi za mwisho kwa sauti. Mpira lazima uguse chuma ndani ya sekunde 30. Adhabu ndo ilitusumbua, kwa sababu kwenye mchezo huu kumpa mpinzani nafasi ya kusogeza kunaweza kuwa zawadi au kunaweza kuwa laana, kutegemea ubao umekaaje. Mwishowe tukasema usiporusha, wapinzani wako wanachagua nani asogeze, wao au wewe. Hiyo haina pa kukwepea. Kama umetegwa watakuchagua wewe.

Sasa ikabidi aliyetegwa awe na mlango hata mmoja, la sivyo mtu akishatega kashinda. Tukamwachia mlango wa mbali: kikapu cha nje ya nusu duara kinakupa hiari, unaweza kusogeza au kupitisha. Cha ndani ni lazima. Ghafla ulinzi wote ukageuka ndani nje. Timu ikishatega, walinzi wake wanapanda juu kwenye ule mstari wanakaba huko kama wendawazimu na eneo la chini ya ringi wanaliacha tupu, na wewe mwenye mpira unatafuta nafasi ya kurusha mbali huku njia ya karibu iko kweupe inakuita. Mchezaji mgeni anaingia ile njia kila mara. Kila mara. Miguu ya basketi inampeleka.

Halafu wajanja wakagundua kukosa kwa makusudi. Unarusha ndani, unagonga chuma, hesabu inaanza upya, unawania ribaundi. Kukosa vizuri ni kazi ngumu jamani, jaribu uone, mpira ukienda laini unaingia na ukienda mkali unaokotwa na mwenzako. Kuna kijana wetu alikuwa anafanya mazoezi ya kukosa kona ya kulia mwa ringi ili mpira uangukie anapotaka. Na siku moja kakosa vizuri kabisa, mpira unaruka juu ya chuma, mlinzi akaruka akausukuma ndani mwenyewe! Kelele zilizotokea hapo, watu walisimama mpaka wa benchi la drafti. Tulibishana nusu saa kikapu ni cha nani. Nikaamua ni cha timu iliyokuwa na mpira, haijalishi nani kautumbukiza, na wao wakatakiwa kusogeza, wakala mtego, wakafa. Najua kuna wanaoona siyo haki. Mimi naona bila hiyo kukosa kungekuwa bure, na kitu cha bure kikiingia kwenye gemu kila mtu atakitumia mpaka kichoshe.

Jambo moja nimejifunza kwa kusoma na kwa kufanya ni kwamba nusu ya sheria za michezo zimetokana na vitu vilivyokuwepo tu pale. Ringi ya basketi iko futi 10, mita 3.05, kwa sababu James Naismith, aliyeibuni, alipigilia vile vikapu vya matunda kwenye baraza ya juu ya ukumbi na baraza ilikuwa urefu huo. Wanafunzi wake walikuwa 18 ndo maana walianza tisa kwa tisa. Pickleball, mchezo wa vibao unaofanana na tenisi, ya mwaka 1965 pale Bainbridge Island, karibu na Seattle, ilianza kwa sababu kulikuwa na uwanja wa badminton vifaa vyake havikukamilika, wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wavu ukaanza juu kama wa badminton, wakaona mpira unadunda vizuri wakaushusha mpaka inchi 36. Walifuata mpira unavyotaka. Meza yetu ya drafti iko nyuma ya mstari wa mwisho kwa sababu ndipo kivuli kinapofika, na kwa kuwa iko pale mtu wa ubao anawaona washambuliaji usoni, na ishara zote za macho tunazotumia zimezaliwa na kivuli hicho. Ningeipanga kwa makusudi nisingeiweka hapo.

Jina pia halikutoka kwangu. Mimi niliita mpira wa kete, nikaliona zuri. Watoto wanaotazama wakaita drakapu na ndo limebaki.

Kosa langu kubwa niliseme. Kuna kipindi wakimbiaji walilalamika kwamba wao wanachoka na mtu wa ubao amekaa, wakataka kupokezana, kila baada ya dakika tano anayekimbia aje akae na aliyekaa akakimbie. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Ile hali ya ndondi za chesi inarudi, mtu anakuja mezani anahema, jasho linadondokea kete, anasogeza ovyo, inachekesha na inatisha kwa pamoja. Tukajaribu na watu wakapenda. Na mimi nikawa nimenogewa na ule utamu kiasi kwamba nilikuwa nusu ya gemu ya pili ndipo nikageuka nikamuona swahiba amekaa kwenye benchi, siyo la ubao, lile la watazamaji. Kwa sababu zamu ya kukimbia ikifika yeye hana zamu. Mchezo niliouanzisha ili acheze nilikuwa nimeshautengeneza vizuri mpaka ukamtoa.

Nilisimamisha hapo hapo. Sikueleza sana, nikasema tu kupokezana hakuna, mtu wa ubao ni wa ubao. Wengine walinuna na mmoja hakurudi, na nadhani kimchezo inawezekana walikuwa sahihi. Lakini mchezo ni wa nani kwanza? Morgan alikuwa na watu wake wa makamo mbele ya macho, na mimi nilikuwa na goti moja.

Yule yule mzee wa drafti ndo akamalizia. Faulo mpaka wakati huo zilikuwa za kawaida, unapewa mpira wa pembeni au penalti. Akauliza, "Mbona penalti anapiga mkimbiaji? Huyu wa mezani ana mikono." Mtupo wa adhabu hauna kukimbia, hauna kuruka, umesimama mita 4.6 kutoka ringi, hakuna anayekukaba. Kila mtu akanyamaza. Kukawa hakuna cha kubishana. Faulo ikichezwa kwa mtu anayerusha, mtu wa ubao anainuka mezani, anapiga yeye, akipata anarudi kusogeza mwenyewe, kwa lazima kama kikapu cha ndani. Akikosa mpira uko hai.

Faulo ya kwanza chini ya sheria hiyo nilichezewa mimi, na nakiri niliitafuta. Tulikuwa pabaya. Mpinzani katega mtego wa wazi kabisa, swahiba akisogeza lazima ale kete ya pembeni, na akila wanaruka tatu zetu na kupata kingi, na tulikuwa tumebaki na tano. Kila aliyekuwepo aliuona, watoto wenyewe waliuona. Cha kufanya kilikuwa kimoja, gonga chuma, kosa, tuwanie ribaundi. Nikasimama kwenye mstari wa kuwania nikamuonyesha kwa macho upande gani aupeleke.

Akatembea polepole kutoka mezani, kale kakuchechemea kake kadogo ambako mgeni hawezi kukaona. Akapewa mpira. Akaudunda mara tatu, kama zamani, mara tatu kisha pumzi. Miaka mitatu hajarusha mpira kwenye gemu. Nikajiandaa kuruka.

Haukugusa hata chuma. Uliingia katikati, wavu ukalia tu.

Akarudi mezani, akala kete aliyolazimika kula, wakatupa mpira, wakafunga haraka, wakaruka tatu zetu, na dakika nne baadaye tukawa tumefungwa. Nilimfuata nikamuuliza kwani hukuniona, nilikuonyesha kulia.

"Nilikuona," akasema, anazipanga kete upya kwa ajili ya gemu inayofuata. "Miaka mitatu, kaka. Halafu unataka nikose kwa makusudi?"